Maswali Yenu: Kompyuta ya Mezani Bado Inapiga Kazi Nyumbani?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari ya kununua kompyuta used na meseji zimemiminika mpaka leo hazijaisha, na ukizisoma nyingi zinauliza kitu kilekile kwa namna tofauti: hivi hizi kompyuta za mezani bado kuna watu wanazitumia majumbani au zimebaki za benki na maofisi ya serikali, na kama zipo, zinapiga kazi au zinakaa tu mezani zikivuta umeme? Tumechagua barua saba. Majina tumeyaacha, mtaa au mji tumeweka.

BABA WATOTO ANASEMA DESKTOPU IMEPITWA

Habari za kazi. Nina watoto wawili, mkubwa yupo fomu tuu na mdogo darasa la sita, nataka wawe na kompyuta hapa nyumbani. Nina kama laki tano. Kuna laptopu ndogo mpya dukani, ramu 4 na imeandikwa 64GB, halafu kuna kaka Kariakoo ana desktopu used ya i5 na kioo na kibodi na mausi, zote kwa bei zinazokaribiana. Baba watoto anasema siku hizi nani ananunua desktopu, tutaonekana washamba. Nisaidieni. – Mama wa wawili, Tabata, Dar es Salaam

Dada, kwanza pole na huo mvutano wa nyumbani, halafu mwambie shemeji watu bado wananunua. Ni kweli zimepungua, hatuwezi kukuficha, laptopu zilianza kuuzwa nyingi kuliko desktopu duniani huko mwaka 2008, na ilipofika mwishoni mwa 2016 wanaoingia mtandaoni kwa simu na tableti wakawa wengi kuliko wa kompyuta zote. Na kwetu huku kompyuta ya aina yoyote nyumbani bado ni ya wachache, sensa ya Kenya ya 2019 ilikuta nyumba zenye desktopu, laptopu au tableti ni asilimia 8.8 tu, kwa hiyo mwanao akiwa na mashine yoyote inayofanya kazi tayari ana kitu ambacho wenzake wengi hawana.

Lakini toka hapo nje uangalie zenyewe ziko wapi. Steshenari ya kituoni, desktopu. Kijana anayeingiza nyimbo na muvi kwenye fleshi, desktopu. Prodyuza wa mtaani anayepiga biti chumbani kwake na magodoro ukutani, desktopu. Yule dada anayedizaini kadi za harusi na mabango sebuleni, nenda kamwangalie. Hawa wote wanakula kwa hiyo mashine, ingekuwa haiwezi kazi wangeshaiuza zamani.

Sasa uwezo. i5 ni jina la prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta, na watu wengi wanadhani i5 ni i5, na hapo ndipo wanapopigwa. Prosesa ya laptopu inabanwa kwenye kiboksi chembamba, joto halina pa kwenda, kwa hiyo wanaipunguzia nguvu. Chukua jenaresheni ya 7, yaani toleo la saba la prosesa hizi, i5-7500 ya desktopu ina koo nne, yaani sehemu nne zinazopiga kazi kwa wakati mmoja, na inatengenezewa wati 65, wakati i5-7200U ya laptopu ya miaka hiyohiyo ina koo mbili na wati 15. Stika ni moja, i5, kazi ni mbili tofauti kabisa, na kwa hela ileile ya used mara nyingi desktopu inakupa mashine yenye nguvu zaidi kwa sababu hulipii betri wala kioo cha kukunja wala wepesi wa kubeba.

Na hiyo laptopu mpya usidanganyike na nailoni yake. Ramu 4 na nafasi ya 64GB ndiyo kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft wenyewe wanakitaka ili Windows 11 ikubali kuingia, yaani mashine imeanza maisha ikiwa imesimama mlangoni. Zile 64 zenyewe nusu inaliwa na Windows na apdeti zake, mtoto akiweka masomo ya video na vitabu viwili vitatu imejaa, na mara nyingi kwenye hizi laptopu za bei ya chini ramu na storeji vimechomelewa kwenye bodi hivyo huwezi kuongeza hata ukipata hela baadaye. Desktopu ya ofisi unafungua mfuniko kwa mkono, unachomeka ramu nyingine, unafunga.

Mimi ningechukua desktopu bila kuwaza mara mbili. Kuna jambo moja la laptopu ambalo siwezi kulipinga, inabebeka na umeme ukikatika inaendelea, kama wewe unasafiri au mtoto yupo chuo basi laptopu. Ila wa kwako wapo nyumbani, na mashine ikikaa sebuleni pale mezani unaona wanachoangalia, hilo kwa mama wa fomu tuu sio jambo dogo.

Ukienda Kariakoo usiulize "ni i5?" uliza jenaresheni. Namba baada ya kistari ndiyo inasema, i5-4570 ni ya 4, i5-8500 ni ya 8. Na i7 ya jenaresheni ya 2 isikutishe kwa jina lake kubwa, maana hata i3-8100 ina koo nne kama ile i5-7500 iliyoitangulia na inakubali Windows 11, ile i7 haikubali. Kama hela inaruhusu tafuta ya 8 kwenda juu. Nyingi utakazokutana nazo ni Dell OptiPlex, HP ProDesk au EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, hizi ni mashine zilizotumika maofisini huko Ulaya na Dubai miaka kadhaa halafu ofisi zikabadilisha zote kwa pamoja, ni ngumu, zimejengwa kukaa zimewaka siku nzima. Mwambie aiwashe mbele yako, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona jina la prosesa na ramu ilivyo kweli sio alivyosema yeye. Chomeka fleshi kwenye kila tundu la mbele na la nyuma, fungua video uiache icheze muda, sikiliza feni. Halafu punguziwa bei, na hiyo iliyopunguzwa usiirudishe kwenye mkoba, soma majibu yanayofuata utajua iende wapi.

INACHUKUA DAKIKA NYINGI KUWAKA

Mambo vipi wakuu. Nina HP ya mezani, i5 jenaresheni 6, ramu 8, hadi diski 500. Nikiwasha naenda kupika chai narudi bado inazunguka. Nikifungua Chrome inaganda. Fundi ameshanipigia Windows mara kadhaa, kila akipiga inakuwa nyepesi wiki mbili halafu inarudi kulekule. Je imezeeka nitafute nyingine? – Morogoro

Haijazeeka kaka, na usimpe tena fundi hela ya kupiga Windows. Fungua hiyohiyo Ctrl, Shift na Esc wakati imeganda, angalia safu ya diski. Naweza kuweka dau utaikuta imesimama asilimia 100 wakati prosesa iko kwenye kumi au ishirini, yaani prosesa imekaa inamsubiri diski.

Hadi diski ndani yake kuna sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika na kuna kijimkono kinachokimbia juu yake kutafuta data. Ikisoma faili moja kubwa lililonyooka inafika megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde, sio mbaya, tatizo Windows ikiwaka haisomi faili moja kubwa, inasoma maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika na kile kimkono lazima kikimbie kwenda kila kimoja, hapo spidi inashuka mpaka megabaiti moja au hata chini yake. SSD, ile diski ya kisasa ya chipu tupu, haina kinachozunguka wala mkono, ya kawaida inayochomekwa kwa waya wa SATA inasoma kama megabaiti 500 kwa sekunde, na kwenye vile vifaili vidogo ndiyo inaiacha hadi diski mbali kabisa, kiasi kwamba mashine ileile iliyokuwa inawaka kwa dakika nne tano inawaka ndani ya nusu dakika.

Nunua SSD ya 256GB, hata ya 240 inatosha kwa Windows na programu. Ile hadi diski ya 500 usitupe, ibaki ndani kama stoo ya muvi na picha, mashine yako kama ni ya boksi la kawaida ina waya wa ziada wa SATA au unanunua, ni waya mdogo tu. Ila kabla ya hapo kopi kazi zako za muhimu sehemu nyingine maana diski inayoganda hivyo wakati mwingine ndiyo inaaga. Ukifanya hivyo i5 ya jenaresheni 6 na ramu 8 itakupeleka miaka mingine vizuri tu kwa kazi za Word, Excel, Chrome ya tabu kumi na tano na video za YouTube (kuhusu Windows yake soma jibu linalofuata).

Na kwa nini kila akipiga Windows inakuwa nyepesi wiki mbili? Kwa sababu inakuwa tupu, haina kitu cha kuamsha inapowaka. Ukiirudishia antivairasi na programu zako zinazojiwasha zenyewe, diski ileile inazidiwa upya.

WINDOWS 10 IMEISHA, NITUPE MASHINE?

Niaje mhariri. Nilinunua desktop ex-UK hapa tao, Optiplex ya i5-4590, niliweka SSD na RAM ya 8 na inafanya poa sana, mimi na mke wangu tunaitumia kwa kazi za online na returns za KRA. Sasa kila siku inaniletea notisi ati Windows 10 imefika mwisho na mashine haiwezi pata Windows 11. Jamaa wa duka ananiambia niilete anipatie nyingine niongeze pesa. Ni ukweli ama ni biashara? – Kasarani, Nairobi

Yote mawili ndugu yangu. Ni kweli Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na ni kweli Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya jenaresheni ya 8 kwenda mbele na kile kichipu cha usalama cha TPM 2.0, yako ni ya 4 kwa hiyo kirasmi imeachwa nje. Lakini mashine haijapoteza nguvu hata kidogo siku ile, ilichopoteza ni viraka vya usalama, yaani zile apdeti za kuziba matundu ya wezi wa mtandaoni, na hilo ndilo la kushughulikia, hasa wewe unayeingiza pasiwedi za KRA na benki humo.

Kwa muda mfupi, Microsoft walifungua mpango wa nyongeza kwa watu wa nyumbani unaoendeleza viraka mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, unajiunga humohumo kwenye sehemu ya Windows Update, na kama umeingia kwa akaunti ya Microsoft na ukakubali kusevu mipangilio yako kwao hulipi. Fanya hilo leo kama bado muda upo.

Kuna njia ya pili ambayo mafundi wengi wa Moi Avenue watakufanyia, kuingiza Windows 11 kwa kuruka ule ukaguzi. Kwa i5-4590 inaingia na inatembea. Lakini Microsoft hawaahidi chochote kwenye mashine ya namna hiyo, apdeti kubwa ya mwaka inaweza kukataa kuingia yenyewe ukalazimika kurudia zoezi, na kwa mashine ya kazi ya kulipwa mimi silipendi hilo.

Njia ninayoipenda ni Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows. Ni bure, inaingia kwa fleshi ya 8GB, na unaweza kuijaribu ikiwa inatembea ndani ya fleshi bila kugusa Windows yako, uone kama waifai na printa vinakubali. Kwenye mashine kama yako inakula ramu kidogo kuliko Windows, inawaka haraka, na viraka vinakuja miaka na miaka. eCitizen na iTax ni vya brauza, vinafunguka. Ofisi yake ni LibreOffice, inafungua Word na Excel za kawaida vizuri, ila kama kazi yako ya online inakulazimisha programu fulani ya Windows tu, au una Excel zenye makro nyingi, hapo utakwama, bora ujue kabla. Kaa nayo kwenye fleshi wiki moja wewe na shemeji kabla ya kuamua.

Jamaa wa duka anataka kuuza, si vibaya, ni kazi yake. Ukiamua kubadilisha hakikisha anakupa ya 8 kwenda juu, asije akakupa ya 6 au ya 7 akakwambia ni mpya zaidi, hizo nazo zimeachwa nje. Na SSD yako na ramu usimwachie bure, tangu mwishoni mwa 2025 bei za ramu na storeji zimepanda dunia nzima kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye vituo vikubwa vya akili mnemba. Ramu yako ni DDR3, aina ya zamani, haitaingia kwenye mashine mpya, lakini SSD inaingia bila shida.

UMEME UNANIMALIZA

Shikamooni. Nafanya steshenari hapa nyumbani barazani, desktopu moja na printa ya leza. Watu wananiambia desktopu inakula umeme sana ndio maana LUKU haikai. Halafu huku kwetu radi nyingi, umeme unakatika na kurudi, UPS niliyonunua inapiga kelele nikiprinti na kuzima. – Bukoba

Marahaba mama. Kwanza tuiondolee desktopu lawama. Mashine ya ofisi ikiwa inachapa barua, sio mgemu wala video nzito, inavuta kama wati 40, na kioo cha LED wati 20, tuseme 60 kwa jumla. Ukiiwasha saa nane kwa siku ni kama nusu uniti. Kwa mwezi wa siku 26 ni uniti 12 au 13, na kama upo kwenye ile tarifu ya D1 yenye kikomo cha uniti 75 unaona inachukua kiasi gani. Laptopu ingekuwa nusu yake au chini. Anayekula ni printa ya leza, ndani yake kuna rola inayochemshwa ili ule unga wa wino uyeyuke kwenye karatasi, na kila inapochemsha inavuta wati mamia kwa mkupuo. Ukimaliza kuprinti usiiache ikisubiri siku nzima, na ukiwa na kurasa nyingi zikusanye uzitoe kwa pamoja.

Na hapo ndipo kelele za UPS zinapotoka. UPS ni boksi la betri la kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, na ya 650VA inaweza kubeba wati mia tatu na kitu tu, ukichomeka printa ya leza nyuma yake inazidiwa papo hapo na inazima kila kitu pamoja na kazi ya mteja uliyokuwa hujasevu. Printa ichomeke ukutani moja kwa moja, kupitia gadi ya kawaida. Kwenye UPS weka kompyuta na kioo, basi. Itakupa dakika kumi, labda kumi na tano, hizo ni za kusevu na kuzima, sio za kuendelea na kazi. Betri yake ya ndani ni ya volti 12, inachoka baada ya miaka miwili hadi minne na inabadilishwa peke yake, usije ukanunua UPS nyingine nzima.

Radi sasa. Ukanda wa ziwa una radi kweli, na hakuna UPS wala gadi ya dukani itakayozuia radi iliyopiga nguzo ya jirani. Ukisikia mvua inakuja chomoa plagi ukutani, kuzima swichi hakutoshi, na kama una rauta yenye waya unaotoka nje chomoa na huo waya, wengi wanasahau huo na ndio unaounguza bodi. Umeme ukikatika zima swichi ya ukutani, ukirudi subiri dakika tano ndiyo uwashe maana ule wa kwanza kurudi mara nyingi unapanda na kushuka.

NATUMA MASHINE PEMBA

Asalaam aleikum. Mimi nipo Muscat, nataka kumtumia mdogo wangu Wete kompyuta ya mezani niliyokuwa naitumia hapa nyumbani, na rafiki yangu aliyerudi kutoka Marekani kanipa na ya kwake. Kuna tatizo la umeme au kibodi? – Muscat, Oman

Waaleikum salaam. Ya kwako ya Oman haina neno, umeme wa huko na wa Tanzania ni wa volti za aina moja na plagi ni ileile ya miguu mitatu ya bapa. Kibodi ya Kiarabu herufi za Kilatini zipo palepale mahali pake, ataitumia.

Ya Marekani ndiyo uigeuze nyuma uiangalie kabla hujaifunga. Pale waya wa umeme unapoingia, kwenye mashine za zamani kuna kiswichi kidogo chekundu kimeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Ikitoka Marekani itakuwa kwenye 115, mdogo wako akichomeka hivyo Wete utasikia mlio mmoja na moshi. Isukume kwa bisibisi isomeke 230. Kama haina swichi soma stika ya pawasaplai, ikiandikwa 100–240 inajirekebisha yenyewe, ikiandikwa 115 peke yake inabidi abadilishe pawasaplai nzima au umnunulie transifoma.

Na kwa Pemba mwambie hivi, hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, baada ya muda meno ya ramu yanashika utando, siku moja anawasha mashine inapiga bipu bipu kioo cheusi. Achomoe umeme, atoe ramu, asugue yale meno ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli mpaka yang'ae, apulize vumbi la kifutio, airudishe mpaka isikike klik mbili. Mashine nyingi zinazosemwa zimekufa visiwani na mwambao wote zinafufuka hapo. Asiiweke dirishani panapoingia upepo wa pwani, na kila wiki aiwashe hata kama hana kazi nayo, lile joto lake linakausha unyevu.

NAEDITI HARUSI, NATAKA GRAFIKI KADI

Oya wakubwa, naediti video za harusi na sendofu nyumbani, natumia Optiplex ile nyembamba, i5-8500, ramu 8 moja, SSD. Kurenda video ya saa moja inakesha. Nataka GTX, fundi anasema haiingii. – Ilemela, Mwanza

Fundi kasema kweli, kadi za kawaida ni ndefu na pana kuliko hilo boksi. Zipo fupi zinazoitwa lo profaili, na lazima iwe isiyozidi wati 75 kwa sababu pawasaplai yako haina waya wa ziada wa kadi, na huwezi kuibadilisha kwa ya dukani maana plagi zake ni za Dell wenyewe. GTX 1650 ipo ya lo profaili, ila pima nafasi kwanza uone kama inakaa. Usinunue GT 1030 kwa kazi yako hata ikiwa rahisi, haina kabisa ile sehemu ya kuenkodi video, yaani kuigandamiza iwe faili la mwisho.

Ila mdogo wangu kabla ya kutoa hela, hebu fungua sehemu ya ekspoti ya programu yako uangalie kama umeweka kuenkodi kwa hadiwea au kwa softwea. Ndani ya hiyo i5-8500 kuna grafiki ya Intel, UHD 630, yenye kazi ya kuenkodi H.264 na HEVC, zile aina za video zinazotumika sana, yenyewe, na vijana wengi wanarenda kwa softwea miaka bila kujua ipo, kisa programu ilikrakiwa au grafiki ya ndani ilizimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine. Weka hadiwea uone. Halafu ramu, una kipande kimoja cha 8, ongeza kingine kinachofanana nacho, utapata 16 na prosesa itasoma vyote viwili kwa wakati mmoja, na hiyo grafiki ya ndani inatumia ramu hiyohiyo kwa hiyo itachangamka. Na kama kamera inatoa 4K na mteja anataka fleshi ya kuangalia kwenye tivii ya kawaida, tengeneza proksi ndogo, yaani nakala nyepesi za video, uediti kwa hizo, utaona kazi inateleza. Hiyo GTX inunue baadaye kama bado utaihitaji.

TAREHE INARUDI MWAKA WA NYUMA

Habari vijana wangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mwanangu aliniachia kompyuta ya mezani naandika kumbukumbu za ukoo wetu. Kila nikiwasha tarehe inarudi nyuma miaka mingi na mtandao unakataa kufungua, unasema si salama. Nimeanza kujifunza uzeeni, mnivumilie. – Songea

Shikamoo mwalimu. Hakuna cha kuvumilia, tena hongera, kizazi chenu hakikupewa nafasi, mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini na marufuku ikakaa miaka mingi, kwa hiyo anayeandika ukoo wake kwenye mashine leo anafanya jambo kubwa na tungependa sana hizo kumbukumbu zifike mwisho.

Tatizo lako ni dogo kuliko yote ya leo. Ndani ya mashine kuna betri bapa ya duara kama sarafu, inaitwa CR2032, kazi yake ni kuikumbusha mashine tarehe ikiwa imezimwa. Imeisha. Tovuti zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, mashine ikidhani ipo mwaka wa nyuma inaona cheti bado hakijaanza na inagoma. Maduka ya saa na ya vifaa vya umeme wanayo. Chomoa waya wa umeme, mwambie kijana afungue mfuniko, abonye kile kichuma cha pembeni betri irushwe juu, aweke mpya upande wenye maandishi na alama ya kujumlisha ukitazama juu. Washa, rekebisha tarehe na saa, weka ukanda wa saa wa Nairobi maana Dar es Salaam kwenye orodha ya Windows huenda usiione, saa ni moja. Halafu mwalimu hizo kumbukumbu kopi nyingine iwe kwenye fleshi inayokaa nyumba nyingine, kwa mwanao au kwa jirani unayemwamini.